Sindano Moja ya Mafua, Nyumba ya Watu Sita

Mwezi wa saba, Uyole hapa Mbeya, hakuna anayefungua dirisha la Coaster. Ukithubutu kulivuta hata robo, abiria wa siti ya nyuma atakukumbusha kwa sauti kwamba kuna baridi. Basi mnakwenda hivyo hivyo, vioo vimejaa ukungu wa pumzi, mmoja anakohoa, mwingine anapenga kamasi, na mpaka mnashuka Mwanjelwa kila mmoja ameshavuta hewa ya mwenzake. Siku chache baadaye nusu ya mtaa inaumwa, na mtuhumiwa ni yuleyule: baridi.

Baridi inasingiziwa. Kinacholeta ugonjwa ni kirusi. Baridi inakisaidia tu, kwa kutukusanya ndani madirisha yakiwa yamefungwa, na kwa kuwa hewa ya baridi iliyo kavu hukiacha kiishi muda mrefu kidogo nje ya mwili. Mtu anaweza kukaa Kitulo peke yake na ng'ombe wake, umande umeganda kwenye majani, asipate mafua hata siku moja. Akishuka mjini sokoni, anayapata.

Swali lililonifanya niandike haya lililetwa nyumbani kwangu na jirani, mzee wa miaka sabini na miwili ambaye amelima viazi Uporoto tangu ujana wake. Alikuwa amesikia kuna sindano ya mafua. Akaja, akakaa, akamaliza chai, ndipo akasema: "Mwanangu, hiyo sindano nasikia ni ya kununua. Sisi tuko sita. Tukipata hela ya mmoja, achomwe nani?"

Hao sita ni yeye mwenyewe, mwenye kisukari cha miaka mingi, mkewe, mtoto wao wa kiume, dereva wa Fuso anayepeleka viazi Dar es Salaam, mkwe wao, mwenye mimba ya miezi sita, mjukuu wa miaka mitatu, na binti yao wa mwisho, muuguzi kwenye zahanati. Ukitaka kuielewa chanjo hii, nyumba hiyo inatosha.

Kabla ya kuhesabu watu, kuna neno la kunyoosha. Sisi tunaita mafua kitu chochote kinachotoa kamasi, na humo ndani kuna magonjwa mawili yasiyo na undugu. Kuna mafua ya kawaida, yanayoletwa na virusi zaidi ya 200 vya namna mbalimbali: koo linawasha, pua inaziba, unakwenda kazini ukiwa na leso mfukoni, wiki inaisha, yanaisha. Halafu kuna influenza. Hii haibishi hodi. Asubuhi unapakia magunia, jioni uko chini ya mablanketi mawili unatetemeka, kichwa kinapasuka, viungo vinauma kana kwamba umepigwa, na kikohozi kikavu kinafuata. Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Wachache kinawashukia kichomi, na hapo ndipo watu hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka influenza ya msimu huua kati ya watu 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya kupumua peke yake.

Chanjo tunayoizungumzia ni ya huu ugonjwa wa pili tu. Haikuzuii kupenga kamasi. Anayechanjwa akitegemea mwaka mzima asiguse leso atasema ametapeliwa, na atakuwa ameihukumu kwa kosa la mwingine.

Huku kwetu influenza inajificha pia nyuma ya neno "homa". Nyanda za juu zina malaria kidogo sana ukilinganisha na pwani au kanda ya ziwa, lakini mtu akipandwa na joto kitu cha kwanza kufikiriwa ni malaria. Kipimo kikitoka hakuna, mara nyingi anaambiwa ni taifodi au UTI, anaondoka na mfuko wa antibayotiki. Antibayotiki haziui kirusi. Zina kazi pale bakteria wanapovamia mapafu yaliyochoka, yaani kichomi chenyewe, lakini kumeza amoksilini siku ya pili ya influenza ya kawaida ni kulipia kitu ambacho hakikusaidii.

Jina la tatu linalochanganya nililetewa na yule mkwe. Alikuja na kadi ya kliniki ya mtoto, akanionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa Hib kwenye mstari wa pentavalenti, ile sindano moja yenye chanjo tano. Muuguzi mmoja alimwambia Hib kirefu chake kina neno "influenzae", kwa hiyo yeye akajua mwanawe alishachanjwa mafua tangu akiwa na wiki sita. Swali zuri, na kosa si lake. Kosa ni la mwaka 1892, pale daktari Mjerumani, Richard Pfeiffer, alipowakuta bakteria kwenye makohozi ya wagonjwa wa influenza akadhani amempata mwenye kosa. Hakuwa amempata, influenza ni kirusi, na kirusi cha binadamu kilikuja kutambuliwa 1933. Bakteria wale wakabaki na jina lisilo lao hadi leo. Sindano ya Hib inamkinga mtoto na homa ya uti wa mgongo na aina moja ya kichomi. Ile ya PCV inamkinga na kichomi kingine, kile cha bakteria wanaopenda kuvamia baada ya influenza. Zote mbili ni muhimu, zote ni bure, na hakuna hata moja kati yake iliyo chanjo ya mafua. Hiyo haimo kwenye ratiba ya watoto.

Sasa sindano yenyewe. Fikiria askari kwenye kizuizi barabara kuu ya TANZAM aliyepewa taarifa: kuna lori la rangi fulani, maandishi fulani mlangoni, limebeba magendo. Chanjo ni taarifa hiyo. Haileti lori, inaleta picha ya mlango wake. Kirusi cha influenza kimezungukwa na miiba ya protini ya namna mbili, inayotajwa kwa herufi H na N, ndiyo maana unasikia H1N1 au H3N2. Chanjo inayochomwa mkononi ina vipande vya miiba hiyo kutoka kwenye virusi vilivyokwisha kuuawa. Kinga ya mwili inavikagua, inatengeneza askari wake, na baada ya kama wiki mbili kizuizi kiko tayari.

Mbona basi surua unachanjwa utotoni yakaisha, na hii inarudiwa kila mwaka? Kwa sababu lori la surua halibadili rangi. La influenza linapakwa upya kidogo kila safari. Kirusi kikijinakili hukosea hapa na pale, na makosa yakijilimbikiza mlangoni, askari mwenye picha ya mwaka juzi analipungia mkono lipite. Isitoshe, ulinzi wenyewe hupungua miezi inavyokwenda.

Mara chache hutokea kitu kikubwa zaidi: virusi viwili tofauti vinakutana ndani ya mnyama mmoja, nguruwe kwa mfano, vinabadilishana injini, na linatoka lori ambalo hakuna askari duniani aliyewahi kuliona. Ndivyo yalivyozuka mafua ya nguruwe mwaka 2009. Watu wengi wanadhani yale yaliisha. Hayakuisha, kizazi chake ndicho H1N1 inayozunguka sasa kama mafua ya msimu, na imo ndani ya chanjo. Lililo baya kuliko yote lilikuwa la 1918, lililoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 duniani. Mwaka huo nchi hii ilikuwa vitani. Jeshi la Wajerumani lilipita Songea na Njombe mwezi Oktoba, likasalimisha silaha Abercorn, leo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba. Askari na wapagazi waliochoka, wenye njaa, wanalala wamebanana: kirusi hakihitaji zaidi ya hapo.

Ili picha ya mlango isichakae, maabara za nchi nyingi hukusanya virusi na kulinganisha, chini ya mtandao ambao Shirika la Afya Duniani limeuendesha tangu 1952. Wataalamu hukaa mara mbili kwa mwaka: Februari wanachagua virusi vya chanjo ya nusu ya kaskazini ya dunia, Septemba vya nusu ya kusini. Inabidi wachague mapema kwa sababu kutengeneza huchukua karibu miezi sita, na chanjo nyingi bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, mamilioni kwa mamilioni. Katika miezi hiyo lori linaweza kupita gereji likatoka na rangi nyingine. Miaka mingine wanapatia vizuri, mingine wanakosa kidogo. Kuna kioja kimoja: chanjo zilikuwa na virusi vinne, lakini kimoja cha aina ya B, kiitwacho Yamagata, hakijathibitishwa popote tangu Machi 2020, wakati dunia ilipojifungia kwa sababu ya corona. Kinaelekea kimetoweka, na chanjo zinarudi kuwa na vitatu.

Chanjo inasaidia kiasi gani? Mwaka ambao imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, inapunguza uwezekano wa kuugua hadi kufikia muuguzi kwa asilimia 40 hadi 60. Namba hii huwachanganya wengi, wanadhani ina maana nusu ya waliochanjwa wataugua. Hapana. Chukua watu mia wasiochanjwa, tuseme kumi wanaugua influenza msimu huo. Kati ya mia waliochanjwa wataugua wanne hadi sita. Si ngao ya chuma, sitakudanganya. Chanjo ya surua inaizidi mbali. Lakini hao wanne hadi sita wanaougua huwa hawaugui sana, na faida kubwa iko hapo, kwenye kulazwa na kufa, wala si kwenye kamasi.

Kuhusu wale wa "nilichomwa, kesho yake nikaugua", mambo matatu huchanganyika. Mkono kuuma, joto kidogo na uchovu wa siku moja au mbili ni kinga ya mwili ikifanya mazoezi. Au alikutana na kirusi kabla ya zile wiki mbili kutimia. Au alipata mafua ya kawaida, ambayo sindano haiyahusu. Chanjo ya sindano haiwezi kumpa mtu influenza, kwa sababu kirusi kilichomo ni mfu. Madhara makubwa yapo lakini ni nadra: mzio mkali, ndiyo maana unaambiwa ukae dakika kumi na tano kabla ya kuondoka, na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré, unaokadiriwa kuongezeka kwa mtu mmoja au wawili katika kila dozi milioni moja. Influenza yenyewe nayo huleta ugonjwa huo. Aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hii asirudie bila daktari.

Turudi nyumbani kwa mzee. Yeye alidhani nitamtaja yeye. Nilianza na mkwe.

Mimba inasukuma mapafu juu, moyo unafanya kazi ya watu wawili, na kinga ya mwili inabadilika ili isimfukuze mtoto. Influenza ikimkuta mama katika hali hiyo inamwangusha kuliko dada yake wa umri uleule. Mwaka 2009 jambo hilo lilionekana wazi katika nchi nyingi. Lakini hoja iliyonisukuma zaidi ni ya mtoto. Chini ya miezi sita hakuna chanjo ya influenza anayoruhusiwa, na ndio umri anaozidiwa haraka. Njia iliyopo ni kupitia kwa mama: akichanjwa, askari wake wanavuka kondo la nyuma, mtoto anazaliwa nao. Mzee alitikisa kichwa hakuamini, mpaka mkewe alipomkumbusha sindano ya pepopunda. Wanawake wa nchi hii wanaichoma tangu zamani kwa mantiki hiyohiyo, mkono wa mama, kinga ya mtoto, na hakuna anayeshangaa. Chanjo ya influenza ya sindano inaweza kutolewa mwezi wowote wa mimba. Ile ya kupuliziwa puani ina kirusi hai kilichodhoofishwa, hiyo mjamzito hapewi.

Anayefuata ni mzee mwenyewe, kwa umri na kwa kisukari. Sukari hupanda anapoumwa, na sukari ikipanda vita vinakuwa vigumu. Kuna jambo wengi hawalijui: siku za mwanzo za influenza, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda sana kwa mtu mwenye moyo au mishipa iliyochoka. Mzee wa kijijini akifa wiki ya mafua tunasema ni presha. Huenda ni kweli, ila presha ilisukumwa. Sindano huamsha kinga kidogo zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana, lakini wao ndio wenye mengi ya kupoteza.

Aliyenisikitisha ni bibi. Mzee alipotaja walio hatarini alimruka mkewe, "kwa sababu yeye haumwi." Bibi ana miaka sitini na minane na amepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha karibu maisha yake yote. Kile kikohozi chake cha asubuhi, ambacho nyumba nzima imekizoea kama jogoo, kinaweza kuwa mapafu yaliyoharibiwa na moshi. Kwa umri peke yake yumo kwenye foleni. Kwa kikohozi, anasogea mbele.

Binti muuguzi: wahudumu wa afya wamo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani kila mahali, kwa sababu wanakutana na kirusi kila siku na wanaweza kukibeba hadi kwenye kitanda cha mgonjwa, au hapa hadi kwenye kitanda cha kichanga. Kwa maoni yangu sindano yake isingetoka kwenye hela ya viazi. Anayemwajiri ndiye angeilipa.

Mjukuu wa miaka mitatu anafaa, watoto wadogo huugua sana na husambaza kuliko mtu yeyote. Tatizo ni hesabu: mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, zikipishana wiki nne. Hela ya mmoja haimtoshi.

Dereva alikuwepo, na alinijia juu. "Kaka, mimi ndiye ninayelala Mbagala na kula Mikumi. Nikiupata mimi, wote wanaupata." Ana hoja. Lakini ni kijana wa miaka thelathini, mzima, na hela ikiwa ya mmoja ni bora umkinge aliye dhaifu moja kwa moja kuliko kumkinga mbebaji ukitumaini hatabeba. Yeye akirudi na homa atalala chumba kingine, dirisha wazi, ananawa kwenye kibuyu chirizi kabla ya kumshika mtoto. Hilo ni bure.

Kuna kundi ambalo halikuwemo nyumbani humo, au halikutajwa mbele yangu, na katika mikoa yetu haliwezi kurukwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Mtu anayehudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi hivyo, na kumeza dawa zake vizuri anaweza kuchanjwa bila hofu, kwa kuwa sindano haina kirusi hai. Ambaye CD4, yaani chembe zake za kinga, ziko chini sana mwili wake utajifunza kidogo, lakini hatari yake ndiyo kubwa. Nikiulizwa nianzie wapi chanjo hii ikija kwa bei ya serikali nyanda za juu, nitasema kliniki ya wajawazito na CTC, mlango kwa mlango.

Lini? Kwa wenzetu wa nchi za baridi influenza ina miezi yake. Kwetu karibu na ikweta huzunguka mwaka mzima, ikipanda na kushuka, hivyo tarehe haina ukali ule. Ila kama una nafasi ya kuchagua, Aprili au Mei inakufikisha kwenye baridi ya Juni ukiwa na kinga mpya, na ndio wakati chanjo ya nusu ya kusini inapopatikana. Mjamzito asisubiri msimu, mimba haisubiri. Unapoulizia, uliza tarehe ya kuisha na uliza ni ya msimu upi, kwa sababu ya mwaka jana ni picha ya zamani. Ihifadhiwe kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika, na kwa watu wa Makete hilo si la kuchukulia mzaha.

Aliyechanjwa na asiyechanjwa, dalili za kukimbilia hospitali ni zilezile. Mhesabu mtoto pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: sitini au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, hamsini au zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, arobaini au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, au mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, usisubiri asubuhi. Mtu mzima anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa, au aliyepata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu, naye vilevile. Tangawizi na limau zinaliwaza koo, sina ugomvi nazo. Asali usimpe mtoto wa chini ya mwaka, aspirini usimpe mtoto mwenye homa ya mafua, na jiko la mkaa usilale nalo chumbani.

Nilipiga simu sehemu mbili mjini kwa niaba ya mzee. Ya kwanza hawakuwa nayo. Ya pili dada aliyepokea aliniuliza, "Ni kwa ajili ya Hija?" Nikamwambia hapana, ni ya mama mjamzito wa Uyole. Akanyamaza. "Ngoja nimuulize daktari kama inafaa," akasema, nikasikia simu ikiwekwa mezani. Aliporudi alisema inafaa, lakini zilizopo zinaisha muda mwezi huo, mzigo mpya uko njiani, niache namba. Nikampa ya mzee. Ya dereva nisingeweza. Akiwa Kitonga hapatikani.